Ujenzi na Mazingira: Udongo wa Ruai, Baridi ya Julai na Maji ya Paani

Barua za mwezi huu, nyingi zikitoka kwa wasomaji wanaojenga pembezoni mwa jiji, zimeuliza zaidi kuhusu vifaa vya kununua kuliko kuhusu nyumba yenyewe. Nitazijibu, lakini ni vyema nieleze msimamo wangu mapema, ili msomaji aelewe kwa nini baadhi ya majibu yatamrejesha kwenye ramani badala ya kumpeleka dukani. Nairobi iko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya wastani kiasi kwamba nyumba iliyochorwa kwa uangalifu haihitaji mashine ya kuipoza wala ya kuipasha joto. Umeme wetu nao, kwa sehemu kubwa, hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Marsabit. Kwa hivyo, tofauti na nchi za baridi ambako nyumba huchafua hewa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kupashwa joto, hapa kwetu madhara mengi hufanyika kabla mwenye nyumba hajahamia: katika saruji, chuma, mchanga na safari za malori.

Nina ploti ya futi 50 kwa 100 huko Ruai na ninataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala isiyodhuru mazingira. Fundi mmoja ananishauri nitumie mawe ya Ndarugo, wa pili anashikilia kwamba matofali ya intaloki ndiyo bora, na wa tatu anasema paneli za povu ndizo za kisasa. Nimsikilize yupi?
*Mjenzi wa mara ya kwanza, Ruai*

Mafundi wako wote watatu wameanzia ukutani, ilhali ploti yako inakutaka uanzie chini. Sehemu kubwa ya Ruai ina ule udongo mweusi ambao mafundi huuita blakikotoni, udongo unaofura ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na ambao huinua msingi mwepesi wakati wa masika na kuuachilia wakati wa kiangazi hadi kuta zipate nyufa. Desturi ni kuuchimba wote mpaka ardhi ngumu ionekane, kuusomba kwa malori, kisha kujaza shimo kwa mawe na murramu kutoka kwingine. Pale ambapo udongo huo ni wa kina kirefu, kazi hiyo peke yake yaweza kugharimu, kwa fedha na kwa dizeli, kuliko kuta unazobishaniwa.

Shilingi zako za kwanza, basi, zimlipe mhandisi achimbe mashimo ya majaribio katika pembe kadhaa za ploti na kukuandikia kina alichokikuta. Ikiwa ardhi ngumu iko karibu, chimba mitaro ya msingi na usiguse sehemu nyingine. Ikiwa iko mbali, mhandisi anaweza kukuchorea nguzo zinazosimama juu ya ardhi hiyo ngumu, zikiwa zimefungwa kwa bimu zinazobeba sakafu, au slabu moja nene inayokwenda na udongo kama kitu kimoja. Hilo ni jambo la hesabu, na haifai kuliachia mazoea ya fundi aliyejenga kwa jirani yako, kwa kuwa kina hubadilika hata ndani ya mtaa mmoja.

Jambo la pili ni ukubwa na umbo. Nyumba ya ghorofa moja yenye mita za mraba 60 chini na 60 juu huhitaji nusu ya msingi na nusu ya paa ya ile iliyotandazwa chini kwa mita za mraba 120. Ni kweli kwamba itahitaji slabu ya kati yenye zege na nondo, na kwa sababu hiyo nisingemshauri hivyo mtu wa Dagoretti mwenye ardhi nyekundu iliyo imara karibu na uso; lakini penye udongo mweusi wa kina kirefu, kupanda juu mara nyingi huwa na faida. Kabla ya hapo, hata hivyo, hesabu vyumba tena. Bado tunajenga sebule ya wageni inayofunguliwa Krismasi na matanga, na kila mita ya mraba isiyojengwa huokoa saruji kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Sasa tuje ukutani. Matofali ya intaloki, yaani yanayofungana yenyewe yakipangwa, hutengenezwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine, kisha yakaachwa kivulini yakinyunyiziwa maji kwa angalau wiki moja na kuendelea kukomaa hadi siku 28. Hayachomwi, na hilo ndilo linaloyapa sifa yake nzuri, maana tofali la kuchoma linakula kuni. Lakini faida yake kamili hupatikana pale udongo unapotoka katika shimo la msingi au la choo chako mwenyewe. Udongo wako mweusi haufai kabisa kwa kazi hii. Utalazimika kuleta mwekundu kwa lori kutoka mbali, na faida nyingi itabaki barabarani. Msomaji mwenye udongo mwekundu asianze pia kwa kukisia. Ajaze udongo uliolowanishwa katika kisanduku chembamba chenye urefu wa sentimita 60, aukaushe, apime umenywea kiasi gani, kwa kuwa kadiri unavyonywea ndivyo saruji inavyohitajika zaidi. Wapo pia wanaojenga kwa intaloki kisha wakazipiga plasta kuta zote ndani na nje kwa kuogopa zitaonekana duni, na saruji waliyoiokoa kwenye viungo wakaimaliza kwenye plasta.

Mawe ya Ndarugo yamesingiziwa kuwa ya kizamani bila hatia. Ni mawe ya volkano, laini kiasi cha kukatwa kwa mashine au kuchongwa kwa mkono, hayapiti motoni, na machimbo yake upande wa Juja si mbali sana nawe. Ukuta wake ni mzito, hivyo hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Ukiyapanga vizuri, ukajaza viungo nadhifu na kuuacha uso wa nje bila plasta, utakuwa na ukuta wenye saruji kidogo unaodumu vizazi. Kwa ploti yako ningechagua mawe.

Paneli za povu lililofunikwa kwa wavu wa chuma na kupigwa saruji pande zote mbili zina mahali pake, hasa katika majengo marefu ambako uzito mdogo na kasi ya ujenzi vina thamani. Kwa nyumba ya familia Nairobi, sioni sababu ya kununua povu la mafuta ya petroli ili kuzuia baridi ambayo sweta huitosha.

Neno kuhusu saruji, kwa kuwa hutaweza kuiepuka. Utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na shughuli za binadamu duniani, na sababu si moto pekee: jiwe la chokaa linapochomwa hadi karibu nyuzi 1,450, jiwe lenyewe huachilia kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kiasi hicho hupita kile cha makaa yanayoliunguza. Mifuko iliyoandikwa 32.5, ambayo ni kipimo cha nguvu ya saruji, kwa kawaida huwa imechanganywa na majivu ya volkano, kwa hivyo ina kiasi kidogo cha jiwe hilo lililochomwa kuliko ile ya 42.5. Tumia ya 42.5 kwenye nguzo, bimu na slabu kama mhandisi alivyoandika, na ile nyingine kwenye kuunganisha mawe na plasta. Watu wengi hununua ya 42.5 kwa kila kitu wakidhani wanajihakikishia usalama.

Muulize pia muuzaji mchanga wake unatoka mto gani. Uchotaji holela umeikausha mito ya Ukambani kiasi kwamba Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Vumbi la kokoto kutoka kwenye machimbo ya mawe, likichujwa vizuri, hufanya kazi nyingi za mchanga wa mto.

Nyumba yetu ya Kasarani haikaliki kwa baridi ifikapo Julai, na Februari hatulali kwa joto. Mume wangu anataka kununua kiyoyozi kinachopoza na kupasha joto. Je, kuna njia nyingine?
*Mama wa watoto watatu, Kasarani*

Ipo, mama, na haina bili. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 11, na mchana wa Februari na Machi hufika nyuzi 27 au 28. Hiyo si hali ya hewa ya kumtesa mtu, na nyumba inapoifanya iwe mateso, kosa kwa kawaida liko kwenye paa au kwenye madirisha ya magharibi.

Panda kwenye dari adhuhuri uone. Ikiwa mabati yako hayana chochote chini yake isipokuwa ubao mwembamba wa dari, utakuta hewa ya moto iliyonaswa humo haina pa kutokea. Fungua matundu chini ya upenu pande mbili zinazoelekeana, uyawekee wavu wa kuzuia popo na ndege, na utandaze juu ya dari kizuizi cha joto, hata kiwe cha unene wa sentimita chache. Kazi hiyo moja hukusaidia miezi yote miwili uliyoitaja, kwa sababu mabati yaleyale yanayopitisha jua mchana ndiyo yanayolipoteza joto la ndani usiku. Ukifika wakati wa kupaka rangi paa, chagua nyeupe au kijivu hafifu, ingawa najua mitaa mingi imependa maruni na kijani kibichi.

Kuhusu madirisha, jua letu hupita karibu na utosi. Mwezi wa Juni adhuhuri huinamia kaskazini kwa takriban nyuzi 25, na Desemba huinamia kusini kwa nyuzi 22 hivi, kwa hivyo ukuta wa kaskazini au wa kusini hupata kivuli cha kutosha kwa upenu wa sentimita 60 hadi 90 tu. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo: jua la saa kumi huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja hadi kitandani, na pazia la ndani halisaidii sana kwa kuwa joto limeshavuka kioo. Kizuizi kiwe nje, kwa chanja ya mbao, mmea unaotambaa kwenye waya au mti. Mti wa muringa ungefaa, ila uupande mbali na nyumba, takriban umbali ulio sawa na urefu utakaoufikia, hasa mkiwa kwenye udongo mweusi ambao mizizi huukausha na kuufanya unywee.

Kwa anayechora nyumba mpya, pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, na stoo, ngazi na bafu zipangwe magharibi. Majengo makubwa ya jiji hili yameshathibitisha kwamba inawezekana kuishi bila viyoyozi. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011, zilizojengwa kwa ajili ya watu wapatao 1,200, huvuta hewa kutoka madirishani na kuitolea juu kupitia uwazi wa katikati, na Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, kina jengo la maktaba ambalo hewa yake hupozwa kwa kupitishwa katika mawe yaliyorundikwa chini. Chumba chako cha kulala hakiwezi kuwa kigumu kuliko hayo.

Tunabadilisha paa la asbesto la nyumba ya marehemu baba. Fundi ameshauri tuyavunje mabamba ya zamani na kuyatumia kujazia njia ya gari, ili tusitupe kitu. Si huko ndiko kutumia tena?
*Msomaji, Eastlands*

Hapana. Mzuieni fundi leo hii. Asbesto ikivunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo zikivutwa hukaa mapafuni na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, na gari litakalopita juu ya vipande hivyo kila siku litaendelea kuvisaga mbele ya watoto. Matumizi yake yalipigwa marufuku nchini mwaka 2006, na taka zake huhesabiwa kuwa hatari. Mabamba hutolewa yakiwa mazima, yakiwa yamelowanishwa, na watu waliojikinga. Hufungwa kwa plastiki nene na kusafirishwa na kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, hadi mahali palipoidhinishwa kuyafukia. Mpaka siku hiyo, msiyasugue, msiyatoboe, na msinywe maji yanayotiririka kutoka juu yake.

Kwetu Kahawa West maji ya mfereji huja kwa zamu, na tumechoka kununua ya lori. Paa letu lina mita 12 kwa 8. Je, mvua inaweza kututosha watu watano?
*Baba wa familia, Kahawa West*

Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa lako lina mita za mraba 96. Nairobi hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, na tukichukua 900 na kuondoa moja kwa tano kwa ajili ya upotevu, unabaki na lita 69,000 hivi. Familia ya watu watano inayotumia lita 50 kila mmoja kwa siku huhitaji zaidi ya lita 91,000 kwa mwaka. Kwa hivyo jibu fupi ni kwamba mvua haitawatosha, ila yaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Ugumu uko kwenye kalenda. Mvua huja Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Septemba mnaweza kukaa siku 120 bila tone la maana. Kuvuka kipindi hicho kwa lita 250 kwa siku kungehitaji tangi la lita 30,000, ambalo kwa ploti nyingi za mjini halina pa kukaa. Ningeweka matangi mawili ya lita 5,000, nikayaunganisha na vyoo, kufulia na kuoshea nyumba, kisha nikaacha maji ya mfereji yawe ya kupikia na kunywa. Badilisheni pia matangi ya vyoo ya zamani yanayomwaga lita 9 au zaidi kwa mara moja. Ya sasa yenye vitufe viwili hutumia lita 6 au 3. Hapo lita 10,000 zitawafikisha mbali kuliko mnavyodhani.

Mambo madogo ndiyo huharibu kazi hii. Gata ziwe na mwinamo wa kuelekea tangini, ziwekwe bomba la kando la kupokea na kumwaga milimita ya kwanza iliyobeba vumbi na kinyesi cha ndege, na mdomo wa tangi uzibwe kwa wavu wa mbu. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, na nimeona mengi yakipandishwa juu ya kuta ambazo hakuna mhandisi aliyezikagua. Liwekwe chini, kwenye jukwaa imara, kisha maji yapandishwe kwa pampu hadi katika tangi dogo la juu.

Maji ya ziada yaelekezwe kwenye kipande cha udongo kilicho wazi. Tumezoea kutandaza kabro, yale matofali ya zege ya kusakafia ua, kuanzia lango hadi ukuta wa nyuma, kisha tunashangaa barabara ikigeuka mto. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 ningetarajia kaunti iwe imeanza kudai kila ploti ibakize sehemu ya kunywa maji. Kama kabro ni lazima, ziwekeni kwenye njia za magurudumu pekee.

Nina akiba ya kununua paneli za sola au hita ya maji ya sola, lakini si vyote viwili. Kipi kinafaa zaidi?
*Mwalimu, Donholm*

Hita ya maji, ikiwa sasa mnaoga kwa kichwa cha bafuni kinachopasha maji papo hapo. Kifaa hicho huvuta karibu kilowati 5, kwa hivyo kuoga dakika kumi hula takriban yuniti 0.8. Watu watano wakioga hivyo kila siku, mwezi unakwisha na yuniti 120. Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano hutumia yuniti 0.045 pekee. Tazama kwanza maji yenu yanatoka wapi: ya kisima kirefu mara nyingi huwa na chumvi nyingi inayogandamana ndani ya mirija, na kwa hayo ulizia hita ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye kikusanyio cha jua. Julai yenye mawingu utahitaji msaada wa umeme, na ni vyema uwekwe kwenye saa ya kuwasha na kuzima.

Paneli si kosa, nazo zitapunguza bili. Ila kwa kuwa gridi yetu tayari ni safi kwa kiasi kikubwa, mwenye kuzinunua kwa ajili ya mazingira pekee ajue kwamba faida hapa ni ndogo kuliko anayosoma kwenye magazeti ya ng'ambo. Ukifika wakati wake, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli.

Mimi ni mpangaji Pipeline, chumba kimoja, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Ushauri wenu wote ni wa wenye ploti. Sisi je?
*Mpangaji, Pipeline*

Lawama yako ni ya haki, na sitajifanya kwamba mpangaji ana uwezo ambao hana. Rangi nyeupe kwenye dari na kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha huongeza mwangaza, na mwenye nyumba mara nyingi hukubali ukijitolea kuipaka. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa kwa sufuria ya presha hupunguza gesi kwa kiasi utakachokiona kwenye mtungi. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kupasha chumba joto wakati wa baridi, hata likionekana limeshika vizuri na halina moshi, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu usingizini. Matundu ya hewa yaliyo juu ya mlango yasizibwe kwa katoni, hata Julai.

Yaliyobaki ni ya mwenye nyumba, na wapangaji wakimwendea pamoja husikilizwa kuliko mmoja. Anzeni na lile linalomgusa mfukoni: mabomba yanayovuja kwenye vyoo vya pamoja, na taa za ngazi zinazowaka mchana kutwa kwa sababu jengo halina mwanga. Mwulizeni kama anaweza kuweka mabati angavu juu ya ngazi.